Ruhusa ya Galma Diba

"Sikuandika amekubali. Niliandika haja—"

"Uliandika 'Mimi, Galma Diba.' Mimi, Salah. Wewe ndiye—"

"Niache nimalize, abaayo, dada yangu, niliandika hajaka—"

"Na ukampa cheo juu. 'Mhandisi wa Maji.' Tangu lini mzee ni mhandisi?"

"Amesimamia kisima miaka kumi na tisa. Yule mhandisi wa wilaya amesimamia nini? Landrova."

Ramlo alitaka kukasirika zaidi, lakini kicheko kikamtoka puani kabla hajakizuia. Hiyo ndiyo shida ya kugombana na binamu yake Salah. Unaanza ukiwa na haki yote, unamaliza ukiwa umecheka, na mwenye kucheka hana tena kesi.

Ilikuwa Ijumaa, saa tatu asubuhi, mwaka wa tisini na nane, ndani ya chumba cha chuo cha kupiga chapa, nyuma ya soko la mifugo Garissa. Chumba kilikuwa na taipureta sita na kompyuta mbili. Kompyuta moja ilikuwa hai. Nyingine ilikufa kwa vumbi siku nyingi, ikapandishwa cheo kuwa meza ya birika la chai. Ramlo ndiye aliyefundisha wasichana kupiga chapa hapo bila kutazama vidole. Wasichana wakienda nyumbani, alikuwa na kazi yake nyingine, ile ambayo mama yake alikuwa bado hajaielewa.

"Unalipwa na nani?" mama aliuliza.

"Hakuna."

"Na hao wengine?"

"Hao pia hakuna."

"Wako wangapi?"

"Mia nne hivi. Dunia nzima."

Mama alimtazama kama mtu anayetazama mbuzi anayekula karatasi. Si vibaya, lakini si kawaida.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kuna mfumo wa kuendesha kompyuta ambao hauuzwi na kampuni yoyote. Umeandikwa na watu wa kujitolea, kila mmoja kwao. Mmoja anaandika programu. Mwingine anaifunga iwe kifurushi, ili ikae vizuri na vifurushi vingine elfu mbili na isipigane na jirani. Mwingine kazi yake ni kusoma leseni peke yake, maana kitu hakiingii mle ndani mpaka mwenyewe aseme kwa maandishi kwamba mtu yeyote anaweza kukitumia, kukinakili, kukibadilisha, hata kukiuza. Fundi mmoja wa redio za mashirika ya msaada kule kambi ya wakimbizi ya Dagahaley alikuwa amewaachia mfumo huo kwenye disketi arobaini na tatu ndani ya kasha la biskuti. Salah akajifunza kuandika programu. Ramlo akajifunza kufunga vifurushi, na kila mtu alijua nani kati yao ana subira.

Kifurushi chao kiliitwa zamu. Kilizaliwa kwenye kisima cha kuchimbwa kwa mashine, nje kidogo ya mji, ambako kila kiangazi watu walivunjana vichwa kwa fimbo juu ya nani anyweshe kwanza. Salah aliandika programu ya kupanga foleni. Siku ya kwanza ilipanga kwa herufi za majina, na watu watatu wakapelekwa zahanati. Ndipo Ramlo akamwendea mlinzi wa chuo, Mzee Galma Diba, Mborana wa upande wa Wajir. Kabla ukame haujamaliza ng'ombe zake, huyu alikuwa ndiye mpanga zamu wa kisima cha kwao, mtu ambaye akisema "wewe, kaa," mwenye ngamia mia anakaa. Kwa jioni nane Mzee Galma alisema, Ramlo akapiga chapa. Zilitoka sheria kumi na moja. Nani ana siku yake, mgeni anaingia wapi, mnyama mgonjwa anasubiri upande gani, ndama wanapewa lini. Salah akazifundisha kompyuta, na kiangazi kile fimbo zilibaki mabegani. Faili lenye maneno yenyewe ya mzee, Ramlo aliliita SHERIA na kuliweka ndani ya kifurushi, jina la Galma Diba likiwa juu kabisa.

Na hilo faili ndilo lililoleta ugomvi. Msoma leseni alikuwa mwanamke wa Uholanzi, jina lake Ilse, mtu mwenye adabu na asiyeachilia kitu. Aliuliza swali moja tu: Galma Diba ameruhusu? Salah, badala ya kumwuliza mzee aliyekuwa hatua ishirini kutoka hapo, akajibu mwenyewe kwa jina la mzee.

"Soma alichosema," Ramlo alimwambia, akimsukumia karatasi iliyotoka kwenye printa.

Salah akasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio. "'Mpendwa Mhandisi Galma, asante. Lakini barua yako imetoka kwa anwani ya Salah, na ina utani wa Salah. Naomba maneno yako mwenyewe. Naomba kujua kwamba umeelewa mtu yeyote anaweza kubadilisha ulichoandika. Nafunga mlango Ijumaa mchana. Baada ya hapo ni toleo lijalo.'" Akaweka karatasi chini. "Amenijua kwa utani. Kutoka Uholanzi. Hiyo ni sifa, walaal, ndugu yangu."

"Toleo lijalo ni mwaka mmoja. Labda miwili."

"Basi toa hilo faili. Kifurushi kiende bila SHERIA."

"Nikitoa SHERIA, zamu inabaki mashine ya kuhesabu. Na jina linabaki lako peke yako. Wewe ulipanga watu kwa herufi, Salah."

Salah akajimiminia chai.

Kuna kitu Ramlo hakumwambia. Kwenye mfumo ule kulikuwa na orodha ya watunza vifurushi, na mbele ya kila jina, mji wake. Helsinki. Melbourne. Sao Paulo. Mji mmoja wa Japani ambao hakujua kuutamka. Alikuwa ameisoma orodha hiyo mara nyingi mpaka akaijua kwa kichwa, kama watu wanavyojua majina ya mababu. Kutoka Misri kushuka mpaka Afrika Kusini hapakuwa na mji hata mmoja. Alitaka pale katikati paandikwe Garissa. Watu wa Nairobi wakisikia Garissa walifikiria joto na ujambazi, na yeye alikuwa amechoka kujibu maswali ya joto na ujambazi.

"Nimesikia jina langu mara sita," sauti ikasema mlangoni. "Kama nimekufa, niambieni, niende nyumbani nikazikwe."

Mzee Galma alikuwa amemaliza zamu yake ya ulinzi. Rungu kwapani, tochi mfukoni, viatu vya matairi. Alikuwa mtu mrefu asiyeegemea ukuta.

"Ingia, Mzee," Ramlo alisema. "Salah ana neno la kukuambia."

Salah akalisema. Lazima tumpe haki yake, alilisema lote, na uhandisi ndani yake. Mzee Galma alisikiliza mpaka mwisho.

"Mhandisi analipwa ngapi?"

"Sijui, Mzee. Nyingi."

"Basi hapo hukunitukana. Umenitukana pale ulipokubali kitu kwa mdomo wangu." Akavuta stuli. "Sasa, hao watu wanataka nini na kisima changu?"

Ramlo akaeleza. Alikuwa amejiandaa kwa maswali ya pesa, maana kila mtu alianzia hapo. Mzee Galma alipita pesa kama mtu anayepita duka lililofungwa.

"Rudia lile la kubadilisha."

"Mtu yeyote anaweza kuchukua sheria zako na kuzibadilisha zimfae kwake."

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Bila mkutano?"

"Mzee, wako mbali mbali. Mwingine atatumia kwa hospitali. Wagonjwa wapange foleni."

"Kwetu, sheria ya kisima haibadilishwi na mtu mmoja. Inabadilishwa na mkutano, watu wameketi, siku hata tatu." Akanyoosha kidole kwenye kompyuta. "Huyo mtu wa mbali anaweza kumtoa mgeni kwa foleni? Aseme mgeni asinyweshe kabisa?"

Ramlo angeweza kudanganya. "Kwenye kopi yake, anaweza."

"Na kopi yake ina jina langu juu."

"Ndiyo."

"Basi mgeni ananyimwa maji kwa jina langu, mahali nisipopajua, na mimi nimelala hapa Garissa. Hapana, intala. Hiyo sikubali."

Alimwita intala, msichana wangu, kwa upole kabisa, na upole wake ndio uliomvunja Ramlo moyo. Mtu anayepiga kelele unaweza kushindana naye.

Salah akaingia kati. "Mzee, ukikataa, unajua watatumia nini? Foleni ya Wazungu. Ya tikiti."

"Tikiti ni nini?"

"Karatasi yenye namba. Kila mmoja anashika yake."

"Na ng'ombe anaishikaje?"

Salah akafikiria. "Kwa mdomo."

"Ataila," Mzee Galma alisema, na hilo likaisha.

Saa nne na nusu. Mwalimu Hirsi, mkuu wa chuo, alikuwa ofisini mlango wa pili, na simu ya ofisi ilikuwa na kufuli dogo la shaba kwenye kile kibao cha kuzungusha namba. Ufunguo wake aliufunga kwenye mshipi. Kila Ijumaa kabla ya swala aliwafungulia robo saa, waunganishe kompyuta na Nairobi, watume barua zao na kupokea. Robo saa ya Mwalimu Hirsi ilikuwa na dakika kumi na mbili, na ilianza saa tano kamili.

Ramlo akafungua droo, akatoa leseni yenyewe. Kurasa saba za Kiingereza kigumu, zenye rangi ya chai pembeni. Alikuwa ameisoma mara nyingi, lakini siku zote kama mtu anayetafuta ruhusa ya kupita. Hakuwahi kuisoma kwa niaba ya mtu anayelinda mlango.

"Mzee, nipe nusu saa. Nakusomea yote kwa Kiswahili. Ukiendelea kukataa, nitamwandikia Ilse kwamba umekataa, na nitaweka sababu yako, na mambo yameisha."

"Soma."

Akasoma. Maneno mengine hayakuwa na Kiswahili, akayazunguka. Mahali paliposema programu hii haina dhamana yoyote, Mzee Galma alitikisa kichwa kukubali. "Hata mimi nilikuwa nawaambia. Maji yakiisha, msinijie." Mahali paliposema mtu akigawa kopi lazima ampe mwenzake haki zile zile alizopewa yeye, alimrudisha asome mara ya pili.

"Kwa hivyo hawezi kuchota halafu akafunga kisima."

"Hawezi."

"Hapo wamefikiri."

Salah alisikiliza bila utani hata mmoja. Kwa Salah huo ulikuwa ugonjwa.

Ramlo akafika ukurasa wa tatu. Alikuwa akisoma kwa mwendo wa kawaida, kichwa chini, na alikuwa ameshapita mstari ndipo akasimama, akarudi nyuma.

"'Ukibadilisha faili lolote,'" akasema polepole, "'lazima uandike ndani ya faili hilo, mahali panapoonekana, kwamba wewe umelibadilisha. Na tarehe uliyobadilisha.'"

Mzee Galma akaweka rungu chini.

"Rudia."

Akarudia.

"Kila mtu?"

"Kila mtu."

"Hata mkubwa wao?"

"Hawana mkubwa hivyo, lakini hata Ilse. Hata Salah."

"Hasa Salah," Mzee Galma alisema. "Na asiyeandika?"

"Amevunja leseni. Haki yake ya kutumia inaisha. Nasoma hapa, si mimi nasema."

Nje, dalali sokoni alikuwa akitaja bei ya dume kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. Ramlo aliangalia saa ya ukutani na kujilazimisha asiiangalie tena.

"Kwetu," Mzee Galma alisema, "anayetaka kubadilisha anasimama mbele ya watu wote. Anasema jina lake, jina la baba yake, na anasema: mimi nataka hivi. Watu wanamwona uso. Likiharibika, wanajua nyumba ya kwenda. Hao wa mbali hawawezi kusimama mbele yangu. Lakini akiandika 'ni mimi, siku fulani', yule mgeni aliyenyimwa maji atasoma. Atajua si Galma."

"Atajua."

"Basi hiyo ni njia yao ya kusimama." Ramlo akamalizia kurasa zilizobaki, ndipo mzee akageuka kwa Salah. "Andika. Na usiongeze kitu."

Salah akakaa kwenye kibodi. Mzee Galma akasema maneno yake, na Salah akayaweka kwa Kiingereza, Ramlo akiwa nyuma ya bega lake akichunguza kila neno kama polisi wa kizuizi cha barabarani.

*Mimi ni Galma Diba. Mimi si mhandisi. Nilipanga zamu ya kisima miaka kumi na tisa na hakuna mtu aliyekufa kwa fimbo mbele yangu. Sheria hizi nilizisema kwa mdomo, Ramlo akaandika. Nimesomewa leseni yote. Anayetaka azitumie, azipe wengine, azibadilishe. Lakini akibadilisha aandike ni yeye. Asipoandika, mimi sina jina ndani yake.*

"Weka pia habari zao," mzee akaongeza. "Uliza kama huko wamepata mvua."

Saa tano kamili Mwalimu Hirsi akaja na simu na waya wake mrefu, akafungua kufuli. "Robo saa, bas," alisema, akasimama hapo hapo na saa ya mkononi. "Simu hii si redio ya kuchezea."

Modemu, kisanduku cha kuunganisha kompyuta na simu, ikapiga mluzi, ikakoroma, ikakata. Ramlo akapiga tena. Ikakoroma, ikakata. Mara ya tatu akashika waya kwa vidole viwili pale ulipolegea, kama mtu anayeshika mshipa wa mgonjwa, na ikashika. Barua ikaenda.

"Zimebaki dakika tisa," Mwalimu Hirsi alisema.

Wakasubiri. Salah alianza utani na akauacha katikati. Ramlo hakuthubutu kuachia waya. Zilipobaki dakika saba akavuta barua, hakuna kitu. Zilipobaki nne, hakuna kitu. Mwalimu Hirsi alikuwa ameshautoa ufunguo kwenye mshipi Ramlo alipovuta tena, na barua moja ikateremka mstari kwa mstari, kama maji ya bomba la mwisho.

Salah akasoma, na safari hii bila sauti ya mtangazaji.

"'Mpendwa Galma Diba. Nimesoma leseni elfu moja na zaidi, na wewe ni wa kwanza kunieleza kwa nini kifungu hicho kipo. Nimewatumia barua yako wenzangu wote. Zamu imeingia. Hapa mvua ni nyingi mno. Ilse.'"

Chini yake alikuwa amebandika mstari mmoja kutoka kwenye orodha. Jina la kifurushi. Jina la Ramlo. Halafu: Garissa, Kenya.

Ramlo aliachia waya. Modemu ikakata na hakuna aliyejali. Akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, chini ya neno lile, na kukiacha hapo. Herufi saba. Mtu wa Melbourne akiiona leo atatafuta ramani.

"Hiyo ni Garissa gani?" Mwalimu Hirsi aliuliza, akivaa miwani.

"Hii tuliyosimama, Mwalimu."

Mwalimu Hirsi akasoma, akainama, akasoma tena karibu zaidi. Akavua miwani, akaifuta kwa kanzu. "Iprintini," alisema. "Mbili. Moja ya ofisi." Akatoka akisahau kufuli mezani, na wakamsikia ukumbini akimwambia mtu wa kwanza aliyekutana naye kwamba chuo chake sasa kiko kwenye kompyuta zote za dunia, kitu ambacho hakikuwa kweli, lakini hakikuwa mbali sana na kweli.

"Abaayo," Salah alisema, "nakukubali. Kutoka moyoni." Akafikiria. "Lakini yule mhandisi ndiye aliyemfanya Ilse aandike."

"Nyamaza, Salah," Ramlo alisema, akicheka sasa waziwazi, machozi yakiwa yamejaa na yeye hana haja ya kuyaficha. Akamgeukia Mzee Galma ampe mkono.

Mzee Galma hakuwa akicheka. Alikuwa amesimama akiangalia ile barua kwenye kioo, ingawa hakuweza kuisoma, mikono nyuma.

"Imeingia?" aliuliza.

"Imeingia, Mzee."

"Kabisa? Hawawezi kuitoa?"

"Kabisa."

"Na ile sheria ya kubadilisha. Imeanza kufanya kazi?"

"Tangu sasa hivi."

Akavuta stuli, akaketi, mikono juu ya magoti.

"Ile ya saba," alisema. "Isome."

Ramlo alizijua zote bila kutazama. "'Punda wa maji ya nyumbani watasubiri mpaka ng'ombe wote wamalize.'"

"Hiyo si ya mababu. Mwaka wa themanini na nne, ule ukame, nilikuwa na ng'ombe arobaini wanaanguka. Punda wa wanawake walikuwa wanatangulia siku zote, maji ya watoto kwanza. Nikasema warudi nyuma. Nikasema ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Mkutano haukuketi. Watu walikuwa na kiu, hakuna aliyeuliza. Ng'ombe wakafa vilevile. Na nilipokuwa nakutajia wewe uandike, ikatoka mdomoni pamoja na zile nyingine, kama ya kweli."

Ramlo alikuwa akifikiria wanawake wa kile kisima cha nje ya mji, na mikokoteni yao ya punda, kiangazi kizima wamekaa juani nyuma ya ng'ombe wa mwisho, kwa sababu kompyuta ilisema.

Mzee Galma akasogeza stuli karibu na kibodi.

"Ifute, intala. Juu yake andika: niliiweka mimi, Galma mwana wa Diba, mwaka wa themanini na nne, peke yangu, bila mkutano. Halafu uandike nimeitoa mimi, na uweke tarehe ya leo."